Kuutambulisha Ubuddha kwa wanafunzi wa rika tofauti

Mwalimu, kwa kuwa unafundisha watoto wa miaka 7 na vijana wa miaka 16, usiwape somo moja. Wadogo uwasimulie kisa cha Siddhartha Gautama, ambaye baadaye aliitwa Buddha, mwana wa mtawala aliyeacha kasri baada ya kukutana na uzee, ugonjwa na kifo, nawe uwaache waulize maswali, maana watayauliza tu. Vijana wazijadili kwa kina Kweli Nne Adhimu, yaani mafundisho ya msingi ya Buddha kuhusu mateso na namna ya kuyakomesha, hasa dai kwamba mateso huzaliwa na tamaa, kisha wapinge au wakubali kwa hoja. Hapo ndipo penye utamu wa somo. Wote waelewe kwamba Buddha haabudiwi kama Mungu muumba. Kutafakari, yaani zoezi la Kibuddha la kutuliza akili, kuelezwe, kusilazimishwe.