Maswali ya Wasomaji: Msitu ukinyamaza, mbega wamekwisha?

SWALI: Kijiji chetu kinapakana na msitu wa Uzungwa Scarp. Wawindaji huingia na magobore na mbwa. Kamati ya mazingira ilitembea asubuhi nzima ikaona kundi moja tu la mbega wekundu. Je, wamekwisha? Na tuhesabu vipi ili maofisa watuamini?
*Mjumbe wa kamati, Kilolo*

JIBU: Asubuhi moja haithibitishi lolote, ndugu mjumbe. Mbega waliozoea mlio wa bunduki hunyamaza na kujibana kwenye majani mazito wakisikia nyayo, nanyi mnapita chini yao bila kujua. Kwa hiyo anzeni kwa kuhesabu jasho lenu wenyewe: kilomita ngapi, mara ngapi, kwa mwendo gani. Ripoti inayosema "tuliona makundi matatu" haimsaidii ofisa yeyote asipojua mlitembea umbali gani.

Pimeni mistari iliyonyooka ya kilomita 4, ianzie ukingoni mwa msitu na kuingia ndani. Msifuate njia za watu, kwani huko wanyama wameshakimbia, wala msichague tu mahali mnapojua wapo. Fyekeni kiasi cha kupenya mtu mmoja. Mstari mpana huwa barabara ya wawindaji, na kosa hilo limefanyika mara nyingi. Fungeni utepe kila mita 50, kisha uacheni mstari utulie wiki mbili.

Anzeni saa 1:00 asubuhi, watu wawili tu, kwa mwendo wa kilomita moja kwa saa. Kila mita 100 simameni dakika moja msikilize. Mkiona kundi, andikeni saa, alama ya utepe, aina ya mnyama, umbali kutoka kwenu hadi kwa mnyama wa kwanza mliyemwona, na pembe yake kutoka kwenye mstari kwa dira. Andikeni pia kama mlimwona au mlimsikia tu. Msikae zaidi ya dakika 10, na msitoke kwenye mstari. Mvua ikinyesha, simamisheni kazi. Wakati wa kurudi msihesabu.

Rudieni kila mstari mara mbili kwa mwezi, miezi ileile kila mwaka, kwa sababu majani machanga na matunda huwahamisha wanyama. Tuseme mmetembea mara 12, yaani kilomita 48, mkakuta makundi 12: hilo ni kundi 0.25 kwa kilomita. Mwakani kwa kilomita zilezile mkipata 6, kiwango kimeshuka nusu. Hata hivyo, kwa idadi ndogo hivyo bahati pekee yaweza kuleta tofauti hiyo, basi endeleeni miaka kadhaa kabla ya kutangaza. Na msibadilishe watembeaji ovyo. Jicho kali likiondoka kwenye timu, mbega "hupungua" kwenye karatasi ilhali mtini wapo.

Kukadiria idadi kwa kilomita ya mraba kunataka kuonana na makundi 60 hadi 80 ya kila aina. Msitu uliowindwa hautoi hayo kirahisi. Bakini na makundi kwa kilomita. Zaidi ya yote, siku mliyotoka bila kuona kitu, jazeni fomu na muandike sifuri. Timu nyingi hutupa fomu hizo, na hapo kazi yote ya mwaka huharibika.

SWALI: Kundi moja, kila mtu anakuja na idadi yake. Tufanyeje?

JIBU: Tengeni siku nyingine kwa kazi hiyo. Lifuateni kundi polepole mpaka lifike kwenye mwanya, kama kijito au mti ulioanguka, mhesabu wanaporuka mmoja mmoja. Watu wawili wahesabu kimyakimya, walinganishe baadaye. Idadi hiyo ni ya chini kabisa; waliojificha hawamo. Kipunji, aina ya tumbili adimu wa Tanzania, walipohesabiwa kundi kwa kundi katika misitu ya Rungwe-Livingstone na Ndundulu, matokeo ya 2008 yalikuwa 1,117 tu, na kazi ilichukua miaka. Ngolaga, tumbili wa Udzungwa aitwaye pia Sanje mangabey, hupita sana ardhini kwenye vichaka, hivyo kamera ya mtego iliyofungwa usawa wa goti huwanasa vizuri kuliko macho.

SWALI: Tutajuaje kama ni uwindaji au ukataji miti?

JIBU: Kwenye mistari hiyohiyo andikeni visiki, mitego ya nyaya, maganda ya risasi, kambi na uchanja wa kukaushia nyama. Miti mikubwa ikiwa imesimama na mbega wametoweka, shuku bunduki: kundi lao ni kubwa, hujazana mtini, na risasi haikosi. Nyaya humpata ngolaga. Kima huvumilia vichaka vya miti iliyokatwa, kwa hiyo kumwona yeye kusiwape faraja kuhusu mbega.

Mkiwahoji wazee na wawindaji, msiulize nani anawinda. Ulizeni mara ya mwisho mnyama alionekana lini na wapi, mkionyesha picha. Ingizeni picha ya mnyama wa Madagaska, ambaye hapa hayupo. Anayedai kumwona, majibu yake yapimwe kwa uangalifu. Msiandike majina. Kabla ya kuingia pateni ruhusa ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania), mkikuta watu wenye silaha rudini, na vituo vya GPS vya makundi msivirushe kwenye WhatsApp ya kijiji: mwindaji naye yumo humo.