Mbuzi Yuko Wapi, Mbuzi Iko Wapi

Mmeuliza wiki hii kama mtu mzima anayecheza michezo ya tableti anapoteza muda wake. Swali limenichoma, kwa kuwa mimi ni mtu mzima wa hapa Lamu na kila usiku nasaka vitu vilivyofichwa kiooni. Nilikusudia kujibu "hapana" na kuishia hapo.

Kwa asiyeujua mchezo, unaonyeshwa chumba kilichojaa vikorokoro, chini pana orodha ya majina kumi au kumi na mawili, nawe unagusa kila kitu unapokiona, hadi upewe ufunguo au gurudumu la mtambo litakalokufungulia mlango wa mbele. Ukigusa ovyo, kioo hukugomea kwa sekunde kadhaa. Ukikwama, kipo kitufe cha kidokezo, ambacho kikishatumiwa hujaa tena polepole.

Mimi sikuanza peke yangu. Nilianza na shangazi yangu, nyumbani kwake mtaa wa Mkomani, tumeketi chini ya zidaka zake, vile vishubaka vya ukutani, naye husoma Kiswahili kwa herufi za Kiarabu lakini Kiingereza hakijui, hivyo nilikuwa nikisoma orodha na kumfasiria, naye anasaka. Usiku mmoja tulikuwa katika jiko la nyumba ya kizungu. Nikamwambia, "Mbuzi." Akainamia kioo, akapitisha kidole juu ya vyungu, miiko na chekecheke, akarudi tena kuanzia pembeni, nami nikanyamaza nikidhani macho yamechoka. Mwishowe akaisukuma tableti kwangu. "Mwanangu, hapa hapana mbuzi. Wazungu hawakuni nazi."

Mbuzi mwenyewe alikuwa amechorwa kwenye sahani, mdogo kama ukucha, ana ndevu. Nilipomwonyesha alikasirika kwelikweli. "Ungesema yuko wapi, ningejua ni mnyama! Iko wapi ni ya nazi." Alikuwa na haki, ila orodha haina vitenzi, ni majina matupu. Baadaye nikagundua kwamba watunzi nao hutega hivyo hivyo makusudi, kwani kwa Kiingereza neno moja hutaja popo na pia gongo la besiboli, na mchezaji hajui atafute lipi. Big Fish Games ya Seattle, iliyoueneza sana mtindo huu kuanzia 2005, haikumfikiria shangazi yangu, lakini hakuna aliyeufurahia mtego ule kuliko yeye alipokwisha kutulia. Wali uliungua usiku ule.

Nilipofika hapa ndipo nilipoona kwamba nimewaeleza habari za shangazi, si za tableti. Yeye sasa yuko Mombasa kwa binti yake. Mimi nacheza peke yangu, nakibonyeza kidokezo kila kinapojaa, na jana nilimaliza vyumba vitatu ambavyo asubuhi sikukumbuka kitu hata kimoja nilichokipata ndani yake.

Basi andikeni kwamba ndiyo, napoteza muda, angalau mimi, angalau usiku, wala msiwahesabie humo wanaocheza wawili. Na jibu lenyewe mlichukulie kuwa ni la mpaka Maulidi, kwa kuwa shangazi anakuja, na mlango wa ghala la jiko lile hatujaufungua bado.