Re: Orfevre alipitwaje Arc ya 2012?

Habari mkuu. Unauliza Orfevre, yule farasi wa Japani, aliwezaje kuongoza peke yake kwenye Arc, mbio kubwa za farasi pale uwanja wa Longchamp, Paris, halafu farasi jike Solemia akampita karibu na mstari wa mwisho. Hata mimi nilidhani mechi imeuzwa.

Rudia video, ila Solemia muache kwanza. Tazama uzio wa ndani. Orfevre anachomoka kutoka nje kabisa, anawaacha wote, kisha anaanza kuvuta kulia kama gari lenye usukani mbovu, mpaka anaufikia uzio. Mpanda farasi wake, Soumillon, anahangaika naye tu. Na nyasi zilikuwa zimelowa chapachapa. Mita 2,400 kwenye tope zinakausha miguu, na Orfevre alishamaliza kasi yake mapema. Peslier, aliyempanda Solemia, hakukata tamaa na farasi jike wake, akashinda kwa shingo, yaani kwa tofauti ya urefu wa shingo ya farasi tu.

Kwangu Orfevre ndiye aliyekuwa bora siku ile.