Zoezi la kushusha jeneza

Swali: Mwalimu, shikamoo. Nasomea tiba ya viungo. Katika ripoti kuhusu kutibu kwa umeme hafifu nimeandika "zoezi la usisimuaji wa uplastiki wa ubongo wa wazee". Mwenzangu anasema uplastiki si Kiswahili. Kweli? (Msomaji, Tukuyu)

Marahaba, mwanangu. Uplastiki, yaani uwezo wa ubongo kubadilika, tutaufikia. Kilichonichoma ni hilo "zoezi la".

Juzi nilikuwa msibani Uyole. Msemaji alishika kipaza sauti tukaanza zoezi la kunawa mikono. Likafuata zoezi la kupata chakula, zoezi la kutoa heshima za mwisho, zoezi la kuelekea makaburini na, tulipofika, zoezi la kushusha jeneza. Marehemu alikuwa mkulima wa viazi, mtu wa maneno machache. Angeweza, angeinuka akauliza kama hawezi kuzikwa tu. Zoezi limetokana na kuzoea: ni jambo unalolirudia hadi mwili ulizoee. Sasa mtu anazikwa mara ngapi ndipo azoee?

Na uchungu wangu ni kwamba katika fani yako zoezi lina kazi yake halisi. Mwaka 2000 watafiti wa Göttingen, Ujerumani, walionyesha kuwa umeme hafifu, miliampea 1 tu, ukipitishwa juu ya fuvu hubadili wepesi wa kuitika wa sehemu ya ubongo inayoendesha misuli, na badiliko hudumu dakika kadhaa baada ya mtambo kuzimwa. Baadaye wengine wakawajaribia wazee ambao vidole vimekuwa vizito. Matokeo hayafanani, wapo wanaonufaika, wapo wasioona tofauti. Lakini umeme haumfundishi bibi kufunga vifungo. Bibi huvifunga, akavifungua, akavifunga tena, huku umeme ukipita. Huko kurudia ndiko zoezi! Ukiuita na umeme zoezi, jasho la bibi utaliitaje?

Haya, uplastiki. Asili yake ni Kigiriki, kufinyanga, ila msomaji wako ataona ndoo. Wengi husema unyumbufu, nami huvumilia, ingawa mpira ukinyumbuka hurudi ulivyokuwa. Waangalie akina mama wafinyanzi wa Kikisi kule Matema na udongo wao mbichi: ubongo nao hufinyangika, hata uzeeni. Kusisimua nimewaachia wenye filamu. Andika: "Kuchochea ubongo wa wazee kwa umeme hafifu wakiwa mazoezini."

Jumamosi nina sendofu Mwanjelwa. Nimeshaiona ratiba: saa mbili usiku, zoezi la kufungua shampeni.