Mtulivu kama tango?

Swali: Ninafundisha Kiswahili na Kiingereza kidato cha pili. Katika zoezi la tafsiri, mwanafunzi wangu aliandika kwamba meli ilipoanza kuingia maji, nahodha "alikuwa mtulivu kama tango". Nilimkosoa, naye akaniuliza kosa liko wapi ikiwa kila neno amelitafsiri sawasawa. Nimjibu nini?

Jibu: Mwalimu, mwanafunzi wako anastahili jibu la kina, kwa sababu sarufi ya sentensi yake haina dosari. Hiyo ni tashbihi kamili: kuna kinachofananishwa, kuna kinachofananishwa nacho, na kuna neno linaloviunganisha. Tena ameepuka kosa la wengi, kwani Kiingereza huweka "as" moja kabla ya sifa na nyingine baada yake, na wanafunzi hujaribu kuzitafsiri zote mbili ilhali Kiswahili hutosheka na "kama" moja.

Tatizo ni tango lenyewe. Waingereza husema "as cool as a cucumber", na sifa iliyomo humo, "cool", ina maana mbili: ubaridi wa kitu na utulivu wa mtu. Tango lina ubaridi, nahodha ana utulivu, na neno moja linawakutanisha. Ukiongeza mwangwi wa sauti ya k inayoanza maneno yote mawili, utaelewa kwa nini msemo huo umedumu. Neno "tulivu" halina ubaridi ndani yake, kwa hiyo tafsiri imevunja daraja na kubaki na tunda peke yake. Kitenzi "poa" kingekaribia zaidi, maana chai hupoa na hasira nazo hupoa, lakini hata hapo Mswahili hajazoea kupima ubaridi kwa tango.

Tashbihi nyingi za mazoea katika Kiingereza ziko hivyo. Msemaji hakusudii kuchora picha. Anakusudia kuongeza uzito wa sifa, na msikilizaji haioni tena picha iliyokuwamo. Kiswahili kina njia zake za kuongeza uzito huo, na wakati mwingine hakihitaji mfano wowote. Mwingereza hulala kama gogo, sisi tunalala fofofo. Kitu cheupe kama theluji kwetu ni cheupe pepepe. Pale tunapotumia mfano, tunauchukua katika hadithi na maisha yetu: mjanja wa Kiingereza ni mbweha, wetu ni sungura, watu wanaofanana mno kwao ni njegere mbili katika ganda moja, kwetu wanafanana kama shilingi kwa ya pili. Tanakali za sauti kama fofofo na pepepe nazithamini sana, na inanisikitisha kuona tafsiri nyingi zikizipita na kuokota "kama" kila mahali.

Hali ni tofauti kabisa pale mwandishi anapobuni tashbihi mpya. Akisema ukungu ulining'inia juu ya mto kama shuka lililosahauliwa kwenye kamba, mtafsiri hana ruhusa ya kuliondoa shuka hilo, kwa kuwa picha ndiyo maana yenyewe. Hapo atachagua kiunganishi tu: "kama" kwa lugha ya kawaida, "mithili ya" kwa lugha ya kifasihi, "ja" katika ushairi, au "kana kwamba" iwapo kinachofuata ni sentensi nzima.

Kwa nahodha huyo, wengi wangependekeza "alitulia kama maji mtungini", ambayo ni tashbihi nzuri na ya asili. Mimi nasita, kwa sababu maji ya mtungini huleta picha ya ukimya na kutotikisika, ilhali nahodha yule huenda alikuwa akitoa amri kwa sauti na kukimbia huku na huko. Utulivu wake ulikuwa wa moyo. Ningeandika "nahodha hakubabaika hata kidogo", bila tashbihi yoyote, na mwanafunzi ambaye angefika hapo ningempa alama zote.