Anko, kijito kinapata wapi maji? Maswali ya watoto

Niliomba maswali kuhusu vijito, jamani yamekuja mengi! Najibu machache, wakubwa nanyi mnaruhusiwa kuchungulia.

Mvua haijanyesha siku nyingi, mbona kijito bado kinatiririka?

Maji yanatoka chini ya ardhi. Mvua ikinyesha siyo yote inakimbilia kijitoni, nyingine inanywewa na udongo, inapita kwenye vitundu vya minyoo na mizizi, inashuka taratiibu kwenye mchanga na nyufa za miamba, halafu huko chini inatokea kwenye chemchemi au inachuruzika kimyakimya pembeni mwa kijito na huwezi hata kuiona. Mengine yanachukua siku chache, mengine miaka, yaani hayo maji unayochezea leo yanaweza kuwa ni mvua iliyonyesha hujazaliwa. Mimi mtu mzima na hiyo bado inanishangaza.

Dakio la maji ndo nini? Tuliambiwa darasani sikuelewa.

Chukua karatasi, ifinyange iwe kama mpira, kisha ifungue nusunusu usiinyooshe kabisa, iweke kwenye trei. Sasa hiyo ni milima na mabonde. Paka rangi ya kalamu kwenye migongo ya juu, ile rangi inayochuja kwenye maji, halafu nyunyiza maji kidogokidogo. Umeona? Tone likiangukia upande huu wa mgongo linashukia bonde hili, likiangukia upande ule linaenda kwingine kabisa. Eneo lote linaloshushia maji yake kwenye kijito kimoja ndo dakio la hicho kijito. Hata paa la kwenu limo kwenye dakio fulani hata kama kijito chenyewe hukioni, na dakio la kijito nalo limo ndani ya dakio la mto.

Kwa nini mvua ikinyesha kijito kinajaa ghafla na kuwa kama chai ya maziwa?

Tupige hesabu. Mvua ya milimita 1 ikinyesha kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1 kamili. Uwanja mkubwa wa mpira una kama mita za mraba 7,000, kwa hiyo mvua ya milimita 10 tu inamwaga hapo lita 70,000! Pakiwa na miti na nyasi mengi yanazama, pakiwa na lami au ardhi tupu iliyokanyagwa ikawa ngumu yanateleza yote kwa mbio, na yakipita kwenye udongo ulio wazi yanaubeba. Hiyo rangi ni shamba la mtu linasafiri.

Usiku kijito kinalala?

Hakilali, masikini.

Nilifunua jiwe nikakuta vidudu, vinauma?

Wengi wao hata hawana habari na wewe. Ukimwona mwembamba, ana mikia mitatu na vijimanyoya pembeni mwa tumbo vinapepea, hivyo ndo anavyopumulia humo majini, na akikua anatoka na mabawa anaruka. Kuna mwingine fundi kweli, anagundisha chembe za mchanga kwa uzi anaoutoa mdomoni anajitengenezea kijumba kama bomba, anatembea nacho. Ukikuta hao wawili wamejaa furahi, maana maji yakichafuka wanakuwa wa kwanza kupotea. Ila jiwe lirudishe taratibu, upande uleule, hapo ndo kwao.