Vita ikiisha, ardhi nayo inapona?

SWALI: Kila nikiangalia habari za vita naona zinahesabiwa nyumba na watu, udongo na misitu hakuna anayevitaja. Hivi vinarudi vyenyewe au ndo basi tena?

JIBU: Inategemea kilichomwagwa hapo. Miti ikiungua inaweza kuota tena, ila sumu ikishazama ardhini hiyo haiondoki kwa kungoja.

Vietnam yote mawili yapo. Kati ya 1961 na 1971 ndege za Marekani zilimwaga zaidi ya lita milioni 70 za dawa za kuua mimea ili adui akose pa kujificha, na nyingi zilikuwa na sumu kali iitwayo dioksini. Msitu wa mikoko wa Can Gio ukafa karibu wote, likabaki tope tupu. Kuanzia 1978 watu waliingia kwenye lile tope wakawa wanachomeka miche ya mikoko kwa mkono, na 2000 UNESCO ikautambua kama hifadhi ya baiosfia, yaani eneo ambalo viumbe wanalindwa huku watu wakiendelea kuishi humo. Kaa na samaki na ndege wamerudi kweli, mi hii habari inanipa moyo sana.

Sasa njoo uwanja wa ndege wa Da Nang, mapipa ya dawa yalipokuwa yanahifadhiwa. Pale hakuna cha kupanda mti, dioksini inagandia kwenye udongo na tope la mabwawa, inaingia kwa samaki, inaishia kwenye mafuta ya mwili wa anayemla. Ikabidi udongo uchimbwe, urundikwe ndani ya kuta za zege na upashwe moto zaidi ya nyuzi 300 mpaka sumu ivunjike, kazi ikaisha 2018, vita iliisha 1975! Bien Hoa, uwanja mwingine wa ndege huko huko Vietnam wenye sumu hiyo hiyo, bado wanaendelea.

Kwenye hifadhi ya wanyama ya Gorongosa kule Msumbiji, wanyama wakubwa zaidi ya asilimia 90 waliisha vitani, leo wamerudi kwa maelfu maana udongo ulibaki mzima na watu wakalinda.

Kinachoniuma ni sheria. Itifaki ya Geneva ya 1977, makubaliano ya kimataifa kuhusu sheria za vita, inakataza uharibifu wa mazingira, lakini mpaka uwe mpana, wa muda mrefu na mkali, vyote kwa pamoja, nani atathibitisha hayo mabomu yakiwa bado yanadondoka? Iraki ililipa kwa visima zaidi ya 600 vya mafuta vilivyochomwa Kuwait 1991 na hasara nyingine, deni likaisha 2022, ila ilibanwa kwa sababu ilishindwa vita. Aliyeshinda naye anatakiwa alipe.